Nyaya mbili, chanzo kimoja: ninavyopanga umeme wa swicha za picha na sauti

Umeme ukipotea kwa nusu sekunde, picha hupotea kwa muda mrefu zaidi ya hapo. Wasimamizi wa kumbi hushangaa nikiwaambia hivyo, na hata mafundi wa umeme waliozoea taa na mota huniomba nirudie. Taa huzimika na kuwaka tena papo hapo. Swicha inayopokea picha za kamera na kompyuta na kuzigawa kwenye projekta, skrini na vinasa ni kompyuta. Ikizimika inaanza upya: inapakia programu, inakagua kadi zake moja baada ya nyingine, na kwa mashine kubwa hilo linaweza kula dakika nzima au zaidi. Ikishaamka, kazi bado haijaisha. Kwenye HDMI kila kifaa lazima kisalimiane na mwenzake: skrini ijitambulishe, itaje vipimo inavyoweza kuonyesha, kisha ulinzi wa hakimiliki ukaguliwe, na kila hatua inachukua muda wake. Kompyuta ya mzungumzaji nayo, ikiona skrini imetoweka, huenda ikapanga upya madirisha yake, na slaidi zilizokuwa zimejaa ukuta zikarudi kwenye ukurasa wa kuhariri. Nyaya za SDI, zile za video za kitaalamu, hazina salamu hizo, na hiyo ni mojawapo ya sababu zinazonifanya nizipende.

Kwa hiyo mtu anaweza kusimama jukwaani bila picha na bila kujua afanye nini, kwa hitilafu ambayo taa za ukumbi ziliionyesha kwa kupepesa tu. Amejiandaa kwa muda mrefu, amepewa dakika zake, na dakika hizo hazirudi. Ni kwa ajili yake mimi huanza kuitazama raki, ile fremu inayobeba vifaa, kutokea nyuma, kwenye nyaya za umeme, kabla ya kugusa kitufe chochote cha mbele.

Pawa saplai ya kawaida, ile sehemu inayogeuza umeme wa ukutani kuwa unaotumiwa ndani ya mashine, huvumilia pengo fupi, kwa kuwa kapasita zake huhifadhi nishati ya kutosha milisekunde 10 hadi 20 hivi. Mzunguko mmoja wa umeme wa hezi 50 huchukua milisekunde 20, na fremu moja ya video ya fremu 25 kwa sekunde huchukua 40. Maana yake mashine inaweza kuvuka pengo la nusu fremu, na likizidi hapo inazima. Uchaguzi wa UPS (kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme ule wa jengo ukikatika), wa kibadilisha chanzo, wa kila kitu kinachokaa kati ya ukuta na swicha, unarudi kwenye namba hiyo.

Swicha kubwa huja na pawa saplai mbili. Zikiwa nzima hugawana mzigo, kila moja ikibeba takriban nusu. Moja ikifa, ya pili inabeba wote na picha haitetereki, kwa sababu ndani kuna daiodi, au transista zinazofanya kazi ya daiodi bila kupoteza joto jingi, zinazozuia iliyokufa isivute umeme wa iliyo hai. Katika mashine nyingi za aina hii unaweza kuichomoa ile mbovu na kuingiza nyingine huku matangazo yanaendelea. Ni kazi nzuri sana ya kihandisi, na ekstensheni moja inatosha kuibatilisha. Nimekuta raki ambayo nyaya zote mbili za swicha zimechomekwa kwenye ekstensheni ileile, imelala sakafuni, swichi yake nyekundu ikitazama juu mahali pa kupita miguu. Mwenye raki alilipia akiba na hakuwa nayo.

Ndiyo maana nikifika mahali papya huwa nachora. Naanza kwenye swicha na kurudi nyuma: plagi, soketi, breka, ubao wa breka, UPS, meni swichi, transfoma. Nafanya hivyo kwa waya wa pawa saplai ya kwanza, upande A, kisha kwa waya wa ile ya pili, upande B, na naweka alama pale mistari miwili inapokutana. Akiba yangu inaishia hapo. Kama inakutana kwenye ekstensheni, nina akiba ya nyaya tu. Ikikutana kwenye ubao wa breka, ninaweza kupoteza breka moja na kuendelea. Ikikutana kwenye transfoma, nahitaji UPS au jenereta. Si lazima kila ukumbi uwe na njia mbili hadi mtaani. Ni gharama kubwa na kazi nyingi hazihitaji. Lakini kila fundi anapaswa kujua mistari yake inakutana wapi, na amwambie mwenye shughuli mapema.

Kuna mahali pa kukutana ambapo mchoro wa haraka haupaonyeshi. Mara nyingi fundi wa jengo hukwambia, kwa nia njema, kwamba amekupa fezi mbili tofauti, A kwenye fezi moja na B kwenye nyingine. Ni vizuri, ila fezi hizo, yaani nyaya zinazoleta umeme, kwa kawaida zinatumia nyutro moja, waya wa kuurudisha. Nyutro hiyo ikilegea au kukatika kwenye mfumo wa volti 230 kwa 400, volti za fezi zinayumba kufuata mzigo: upande mmoja unashuka, mwingine unapanda kuelekea 400. Pande zako zote mbili zinaumia kwa pamoja. Nikiwa kwenye umeme wa muda, hasa wa jenereta na nyaya zilizotandazwa kwa ajili ya shughuli, naomba nyutro ikaguliwe mbele yangu na volti zipimwe kabla sijawasha chochote.

Mfano ninaopenda kuwapa wanaojifunza kazi hii ni wa tarehe 25 Juni 2008. Ujerumani na Uturuki walicheza nusu fainali ya Kombe la Ulaya mjini Basel, Uswisi. Picha za uwanjani zilipitia kituo cha kimataifa cha utangazaji kilichokuwa Vienna, Austria, ndipo zikaenda duniani. Dhoruba ikapiga Vienna, umeme wa kituo ukayumba, na katika kipindi cha pili watazamaji wa nchi nyingi wakakatikiwa picha zaidi ya mara moja. Uwanjani Basel mpira ulikuwa unaendelea na kamera zinafanya kazi. Televisheni ya Uswisi, iliyokuwa na njia yake kutoka uwanjani, iliendelea kuonyesha, na Wajerumani wa kituo cha televisheni cha ZDF wakaja kuazima picha za Waswisi ili kuimalizia mechi. Walioendelea walikuwa na waya usiopita Vienna, na huo ndio uliowaokoa.

Sasa mzigo. Hapa ndipo nimeona mipango mizuri ikianguka, na ndipo ninapokawia zaidi nikikagua kazi ya mtu. Chukulia kila upande una breka ya ampea 16 na kila upande unavuta ampea 12. Kila kitu kinaonekana salama. Kuna nafasi ya ampea 4 kila upande. Upande A ukifa, upande B unabeba 24. Breka ya kawaida haikati papo hapo kwa mzigo huo. Sehemu yake ya joto huanza kupata moto polepole, na kwa mara moja na nusu ya kiwango chake lazima ikate ndani ya saa moja, pengine baada ya dakika chache tu. Fundi aliyejaribu kwa kuchomoa A, akahesabu hadi kumi, akarudisha, ataondoka akiamini mfumo wake umefaulu. Kanuni yangu ni kwamba A na B kwa pamoja zisizidi kile ambacho upande mmoja unaweza kubeba kwa saa nyingi, na napenda kubaki chini ya asilimia 80 ya breka hata baada ya upande mmoja kuanguka. Yaani siku za kawaida kila upande usizidi asilimia 40. Wanaolipia huona ni ubadhirifu. Nawaeleza kwamba ile nafasi inayoonekana tupu ndiyo akiba yenyewe.

UPS ina mtego unaofanana na huo. Kioo chake kinaweza kuonyesha dakika 40 za betri, lakini zimehesabiwa kwa nusu ya mzigo, kwa kuwa nusu nyingine iko upande wa pili. Upande wa pili ukianguka mzigo unakuwa maradufu, na muda unashuka hadi chini ya nusu, maana betri ya risasi na asidi ikitolewa umeme kwa kasi hutoa nishati pungufu kuliko ikitolewa taratibu. Namba ya VA iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi nayo isomwe kwa makini: UPS ya VA 1000 yenye kipengele nguvu (sehemu ya VA inayopatikana kama wati) cha 0.6 inabeba wati 600 tu.

Kuhusu aina ya UPS, kwa swicha na kwa kompyuta zinazoiongoza, nachagua ile inayoitwa onlaini, ambayo muda wote hugeuza umeme kuwa mkondo mnyoofu na kuurudisha tena kuwa mkondo geu. Haina pengo la kuhamia kwenye betri. Zile zinazosubiri umeme ukatike ndipo zihame huchukua milisekunde kadhaa, mara nyingi hadi 10. Pawa saplai nzima hulivuka pengo hilo. Pawa saplai iliyozeeka, ambayo kapasita zake zimekauka, huenda isilivuke, na huwezi kuiona kwa macho imefikia wapi.

Na kama UPS ni moja tu? Usiweke pande zote mbili juu yake. Upande A uende kwenye UPS, upande B uende moja kwa moja kwenye umeme wa jengo kupitia kinga ya mawimbi ya ghafla. Umeme wa jengo ukikatika, UPS inabeba yote. UPS yenyewe ikiharibika, na huharibika, jengo linabeba. Nimewahi kubishana juu ya hili na watu wanaoona UPS kama kitu kitakatifu ambacho kila waya lazima upite. UPS ina feni, betri, kapasita na programu, na vyote hivyo vina siku yake ya kufa.

Kisha kuna vifaa vidogo, ambavyo ndivyo vinavyonisumbua zaidi. Swicha kubwa ina pawa saplai mbili, sawa. Je, kigeuzi cha faiba kinacholeta picha ya kamera ya mbele? Kina adapta moja ya volti 5 au 12, imening'inia kwa uzito wake kwenye soketi. Kifaa kinachotoa mapigo ya usawazishaji kwa kamera zote? Adapta moja. Swichi ya mtandao inayounganisha paneli ya vitufe na swicha? Adapta moja tena. Ikizima, swicha inaendelea kufanya kazi lakini mkono wa mwendeshaji umekatwa. Picha ya mwisho iliyochaguliwa inabaki hewani na hakuna wa kuibadilisha. Nikichora mchoro wangu, vifaa hivi navizungushia duara kwa kalamu nyekundu, na kwa kila kimoja najiuliza: kikifa sasa hivi, skrini zipi zinazimika?

Dawa zipo za aina mbalimbali. Kwa vifaa vya waya mmoja unaweza kutumia kibadilisha chanzo cha kwenye raki, chenye nyaya mbili za kuingia, A na B, kinachohama upande mmoja ukianguka. Vile vya rilei, yaani swichi inayosukumwa na umeme, huhama ndani ya milisekunde 8 hadi 16 hivi, muda ambao pawa saplai yenye afya inauvumilia kwa shida kidogo au bila shida. Kumbuka tu kwamba kibadilisha chanzo nacho ni kifaa kimoja, kwa hiyo usikipe kamera zote. Vigawe, kamera hizi kwenye hiki na zile kwenye kingine. Dawa ninayoipenda zaidi ni kuondoa adapta kabisa na kuweka pawa saplai mbili kubwa za volti 12, zilizounganishwa kwa daiodi, zikilisha vifaa vidogo vyote kupitia fyuzi, kila kifaa na fyuzi yake ili kimoja kikipata shoti kisivute wenzake chini. Kwenye kiunganishi cha XLR cha pini nne kinachotumika sana kwenye vifaa vya video, pini 1 ni hasi na pini 4 ni chanya. Napima kila waya kwa mita hata kama umetoka dukani. Daiodi hula kati ya nusu volti na volti moja hivi, kwa hiyo angalia kwamba kifaa cha mwisho, chenye waya mrefu zaidi, bado kinapata volti zake.

Plagi zenyewe zinahitaji kushikwa. Ile plagi ya kompyuta iliyozoeleka, yenye matundu matatu na kiwango cha ampea 10, haina kufuli. Mtetemo wa spika za besi na uzito wa waya vinaitoa taratibu. Kuna nyaya zenye kufuli kidogo na kuna vibano vya kuizuia. Pale ambapo havipo, naufunga waya kwenye fremu ya raki kwa kamba ya plastiki karibu na plagi, ili uzito uning'inie kwenye fremu.

Kitu kingine ambacho wengi hawakitarajii ni ulinzi unaokata bila hitilafu yoyote. Kila pawa saplai ya kisasa hupitisha mkondo mdogo kwenda kwenye waya wa athi, ule wa ardhini, kupitia kapasita za kuchuja kelele. Kwa kifaa cha plagi cha aina inayotegemea athi, kiwango kinachoruhusiwa ni hadi milliampea 3.5, ingawa vingi viko chini ya hapo. Breka ya kulinda watu ya milliampea 30 inaruhusiwa kukata kuanzia 15. Hesabu mwenyewe: vifaa vitano vya kiwango cha juu vinatosha kuifikisha ukingoni, na ukiwasha raki nzima kwa mkupuo, inaruka. Breka hiyo haitolewi kamwe, na waya wa athi haukatwi kamwe, hata kama mtu wa sauti analalamika mngurumo wa hezi 50. Inalinda mikono ya watu. Suluhisho ni kugawa vifaa kwenye breka kadhaa za aina hiyo, na kuviwasha kwa zamu, sekunde chache kati ya kimoja na kingine, jambo linalosaidia pia kwa mkondo mkubwa ambao kila pawa saplai huvuta inapowashwa. Mngurumo una dawa zake: transfoma ya kutenganisha sauti, au faiba kati ya vifaa vilivyo kwenye vyanzo tofauti vya umeme. Faiba haipitishi umeme, kwa hiyo inalinda pia milango ya HDMI dhidi ya tofauti ya volti kati ya athi mbili.

Hata kwenye shughuli kubwa kabisa, kinga inaweza kuwa ndiyo inayozima. Tarehe 3 Februari 2013, kwenye fainali ya mpira wa Kimarekani mjini New Orleans, nusu ya uwanja wa Superdome iliingia gizani na mchezo ukasimama kwa dakika 34. Kampuni ya umeme ilieleza baadaye kwamba chanzo kilikuwa rilei iliyofungwa ili kulinda uwanja endapo nyaya zake zingeharibika. Nikikumbuka kisa hicho huwa najiuliza juu ya kila kinga niliyoongeza: ikikata bila sababu, inakata upande mmoja au zote mbili? Kama ni zote mbili, iko mahali pasipofaa.

Joto sina mengi ya kusema, ila ni adui halisi. Kwa kanuni inayotumiwa na wahandisi, kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka hupunguza maisha ya kapasita za elektroliti kwa nusu, na betri za UPS za risasi na asidi hufuata mwelekeo huohuo. Katika chumba cha nyuzi 25 betri hizo hudumu miaka 3 hadi 5. Naandika tarehe ya kufungwa kwenye betri yenyewe kwa kalamu isiyofutika.

Pawa saplai moja ikifa na hakuna aliyejua, mfumo wenye mbili umegeuka kuwa wa moja, na utabaki hivyo hadi ya pili ife. Taa nyekundu nyuma ya raki iliyofungwa haimwambii mtu kitu. Swicha nyingi za daraja hilo zinaweza kutuma taarifa kwa mtandao au kufunga mguso wa rilei hitilafu inapotokea, na mguso huo unaweza kuwasha taa mbele ya mwendeshaji. Naomba taa hiyo iwekwe hata pale bajeti ni finyu. Nataka imulike usoni mwa mtu aliyepo kazini, mahali asipoweza kuifunika kwa karatasi.

Mwisho ni kuchomoa. Kabla ya kila shughuli muhimu, baada ya mazoezi na kabla watu hawajaingia, nawasha kila kitu kwa mzigo kamili: projekta zote, skrini zote, kinasa kinarekodi. Nakata upande A kwenye breka yake, maana si kila kiunganishi kimetengenezwa kuchomolewa kikiwa na mzigo; plagi ya umeme ya powerCON ile ya zamani ya buluu, kwa mfano, haikuundwa kwa hilo, ilhali ndugu yake TRUE1 iliundwa. Mwenzangu anatazama skrini, mimi natazama ampea za upande B. Naacha hivyo kwa muda mrefu, angalau saa moja, kwa sababu ya ile breka inayopata moto polepole. Narudisha A, nasubiri taa zote ziwe kijani na mzigo ugawanyike tena, ndipo nakata B. Wanaoharakisha hukata B wakati pawa saplai ya A bado inaamka, wakaizima swicha wenyewe. Baadaye nauzima umeme wa jengo wote kwenye raki na kuhesabu dakika ambazo betri inatoa kwa kweli, hadi pale nitakapohitaji kuwa nimeshawasha jenereta.

Mara moja, mfumo ukiwa mtulivu, naizima pia swicha yenyewe kabisa na kuiwasha. Nataka kujua inachukua muda gani hadi picha irudi kwenye kila skrini, na ikirudi inarudi na picha ipi: nyingine hukumbuka njia zilizokuwa zimechaguliwa, nyingine huanza na mlango wa kwanza, hata kama mlango huo una kompyuta ya mtu mwenye barua pepe zake wazi. Muda huo nauandika kwenye karatasi pamoja na volti, ampea za kila upande na dakika za betri, naibandika ndani ya mlango wa raki, na nakala moja nampa mwendesha shughuli, ili likitokea la kutokea ajue anahitaji kuzungumza na watu kwa muda gani.